Kadi ya Kliniki ya Mtoto: Tarehe za Chanjo na Hukumu Zake kwa Wakazi wa Kariakoo na Ilala



Masuala ya chanjo za watoto yanayoletwa na ndugu zetu wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Upanga mara nyingi huanza na hukumu na kuishia na tarehe. Mama anauliza kama inafaa kumtoa mtoto nje kabla ya arubaini, na ukimsikiliza vizuri unakuta siku iliyoandikwa kwenye kadi imeshapita. Baba anauliza habari ya nguruwe ndani ya sindano, kumbe mwanawe ana mwaka na miezi minane na hajapata chanjo ya pili ya surua. Kwa sababu hiyo makala hii inaziweka tarehe na hukumu mahali pamoja, ili msomaji aiweke karibu na kadi ya mtoto.

Tuseme tangu mwanzo: ratiba ya kliniki haigongani na hukumu yoyote ya sharia. Inagongana na mila zetu, na pilika za duka, na khofu. Mambo hayo matatu yanahitaji majibu tofauti, na kosa letu ni kuyajibu yote kwa kusema "dini imekataza" au "dini imeruhusu".

Tarehe zenyewe

Mtoto anapozaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu, ile ya begani inayoacha kovu (BCG), na matone ya kwanza ya polio. Akizaliwa hospitali, mara nyingi hupewa kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, lakini usidhani tu. Fungua kadi uone kama imeandikwa. Matone haya ya kwanza ya polio yana muda mfupi, wiki mbili za mwanzo. Zikipita, mtoto ataanza na yale ya wiki ya 6.

Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndizo nguzo. Katika tarehe hizo tatu mtoto hupata matone ya polio, sindano ya kinga ya nimonia, na sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaosababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia. Matone ya rota, ya kuzuia kuhara kukali, huanza wiki ya 6. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio. Miezi 9 ni surua na rubela, na miezi 18 ni surua na rubela kwa mara ya pili. Hapo katikati, kuanzia miezi 6, kuna matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita mpaka mtoto akaribie miaka mitano, na dawa ya minyoo akishafika mwaka mmoja. Kupima uzito nako kunaendelea. Kadi haifungwi siku ya sindano ya mwisho.

Nitasimama kidogo kwenye miezi 18, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Tanzania iliongeza dozi ya pili ya surua katika ratiba mwaka 2014, na mpaka leo wapo mama wanaoamini kwamba mtoto "amemaliza" akiwa na miezi 9. Hajamaliza. Dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 katika 100. Wale 15 waliobaki wanahitaji ya pili, na hakuna anayeweza kuwajua kwa kuwatazama. Surua ni katika maradhi yanayoambukiza kuliko yote: mgonjwa mmoja akiwa na watu wasio na kinga, tisa katika kumi kati yao wataupata, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Hebu fikiria ngazi za jengo la ghorofa la Mtaa wa Kongo, au daladala ya jioni inayotoka Mnazi Mmoja.

Chanjo hizi katika vituo vya serikali hutolewa bure. Aliye Kariakoo ana Hospitali ya Mnazi Mmoja hapo karibu (wageni wanaotoka kwetu Unguja wajue kuwa tunazungumza Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, nimeshasikia watu wakielekezana hospitali mbili za ng'ambo mbili za bahari kwa jina hilo moja), ana Amana upande wa Ilala, na zipo zahanati na vituo vya afya ndani ya Jiji. Vipo pia vituo vya binafsi vinavyotoa chanjo hizo hizo, ila huenda ukatozwa fedha ya huduma. Ulizia kabla.

Kuhesabu bila kukosea

Wiki ni rahisi kuliko miezi. Mtoto aliyezaliwa Jumatano, wiki zake za 6, 10 na 14 zote zitaangukia Jumatano. Chukua mtoto wa Jumatano, tarehe 7 Januari 2026. Wiki ya 6 ni tarehe 18 Februari, wiki ya 10 ni 18 Machi, wiki ya 14 ni 15 Aprili. Miezi 9 ni tarehe 7 Oktoba, na miezi 18 ni 7 Julai 2027. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya dukani, ile inayoning'inia nyuma ya kaunta, na uziweke kwenye simu ya baba na ya mama wote wawili.

Ikiwa siku hiyo ni mapumziko au kituo hakitoi chanjo, nenda siku ya kazi inayofuata. Usitangulize. Chanjo ya wiki ya 6 ikitolewa mapema mno haihesabiwi, na baina ya dozi na dozi zinatakiwa wiki nne kamili. Tarehe za kadi ni za miladia, kwa hiyo anayehesabu umri wa mtoto kwa miezi ya Kiislamu, kama wafanyavyo baadhi ya wazee wetu, atatangulia kidogo kidogo: miezi 9 ya mwandamo hupungua takriban siku nane.

Jambo jingine linalowakera mama na ambalo lina sababu yake: unafika kituoni asubuhi, unaambiwa rudi Alkhamisi. Kichupa cha BCG kwa kawaida kina dozi 20 na cha surua na rubela dozi 10, na vikishachanganywa na maji yake havizidi saa sita kabla ya kumwagwa. Muuguzi mwenye mtoto mmoja mbele yake anaogopa kumwaga dozi 19. Sisemi kuwa ni sawa mama wa mbali kurudishwa, na wataalamu wenyewe husisitiza mtoto asikose nafasi kwa kuogopa hasara ya chanjo. Lakini dawa iko mikononi mwetu pia. Uliza siku ya kufungua BCG na surua ni ipi, kisha wanawake wa jengo moja au mtaa mmoja waongozane. Wakienda sita kwa pamoja, kichupa kitafunguliwa.

Arubaini, nifasi na eda

Hapa pana mchanganyiko mkubwa. Katika nyumba zetu za pwani mzazi hukaa ndani siku arubaini. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hatolewi nje asije akapatwa na kijicho au upepo mbaya. Mila hii ina kheri nyingi, kwani mama anapumzika na jamaa wanamhudumia. Lakini ni mila. Nifasi katika fiqhi ni hukumu ya damu: mama haswali, hafungi, wala haingiliwi na mumewe. Katika madhehebu ya Imam Shafi muda wake kwa kawaida ni siku arubaini na ukomo wake ni siku sitini, na damu ikikatika kabla ya hapo anaoga na kuswali. Hakuna katika hukumu hizo linalomkataza kutoka nyumbani kwa haja. Nifasi siyo eda.

Na ukihesabu utaona kwamba mgongano wenyewe ni mdogo kuliko unavyosemwa. Wiki 6 ni siku 42. Arubaini ya mtoto wetu wa tarehe 7 Januari inatimia siku mbili hivi kabla ya chanjo zake za tarehe 18 Februari, kwa hiyo safari ya kwanza ya mtoto nje ya nyumba inaweza kuwa ya kliniki. Kinachobaki ndani ya arubaini ni chanjo za kuzaliwa na kuangaliwa mama na mtoto katika siku za mwanzo. Aliyejifungulia nyumbani asisubiri. Wizara ya Afya inataka mzazi aangaliwe ndani ya saa 48, kisha ndani ya wiki ya kwanza, na hilo ni kwa ajili ya uhai wa mama mwenyewe, kwani damu nyingi na homa ya uzazi hazingoji arubaini. Siku ya saba ndiyo ya akika, na kwa Mashafi siku ya kuzaliwa huhesabiwa, kwa hiyo kwa mtoto huyu ni Jumanne tarehe 13. Nyumba iliyoweza kupanga mbuzi, mpishi na wageni wa siku ya saba haishindwi kupanga bajaji ya kwenda kituoni wiki hiyo hiyo. Bibi akihofia kijicho, amsomee mtoto Muawwidhatayn, amfunike, waende.

Ama eda: aliyefiwa na mume akiwa mjamzito, eda yake inakwisha kwa kujifungua. Suala linabaki kwa mjane mwenye mtoto wa miezi 9, kwa mfano, aliye ndani ya miezi minne na siku kumi. Huyu anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja, na chanjo ya mtoto ni haja. Akipatikana shangazi au bibi wa kumpeleka mtoto ni vizuri. Asipopatikana, aende mwenyewe na arejee.

Ruhusa ya mume na mkono unaoshika kadi

Suala hili ni la Kariakoo hasa. Mume yuko Guangzhou anafuata mzigo, au yuko Tunduma, na mke anasema hawezi kutoka bila idhini. Idhini si lazima itamkwe kila mara. Jambo linalojulikana kwa ada kuwa mume mwenye akili yake analiridhia, kama kumpeleka mtoto hospitali, lina idhini tayari. Mume akikataza waziwazi, aulizwe sababu. Ikiwa ni khofu, asome sehemu zinazofuata. Ikiwa ni uzito wa nauli, akumbuke kwamba gharama za mtoto ziko juu ya baba.

Kuna wanandoa walioachana, na kadi imebaki nyumbani kwa mama mkwe. Kuishikilia kadi hiyo ili kumkomoa mwenzako ni dhulma, na mwenye kudhulumiwa hapo ni mtoto. Kadi ni mali ya mtoto na ni amana kwa aliyeishika. Mfuate mtoto nayo popote anapolala: akienda Pemba kwa bibi likizo, kadi iende. Akiletwa Dar es Salaam kutoka Tanga, kadi ije. Piga picha kurasa zake kwa simu.

Mama mwenye fremu yake ya duka humtuma dada wa kazi. Hakuna ubaya, ila dada ajue kumwambia muuguzi kama mtoto alipata homa kali au degedege baada ya sindano iliyopita. Asiyejua hilo asitumwe peke yake.

Ramadhani na Idd

Mtoto wetu wa mfano wiki yake ya 6 inaangukia mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka 1447, kulingana na mwandamo, na wiki ya 10 ni kumi la mwisho, siku mbili tatu kabla ya Idd, wakati Kariakoo haipitiki kwa wanunuzi wa nguo. Wengi huahirisha mpaka "baada ya sikukuu", kisha baada ya sikukuu huja sitta ya Shawwal. Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Mama anayenyonyesha akikhofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kufungua na kulipa, na kwa Mashafi akifungua kwa kumkhofia mtoto peke yake hutoa na fidia.

Mjamzito anayedungwa sindano ya pepopunda naye asidhani kafungua. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake la mwaka 1997 kuhusu vinavyofunguza, iliziorodhesha sindano za ngozi, za nyama na za mshipa katika visivyofunguza, isipokuwa zile za lishe. Hukumu hiyo inawahusu pia mabinti wa skuli waliofunga.

Kilichomo ndani ya sindano

Hapa nitasema kwa urefu, maana mwenye suala hili ana haki ya kujibiwa kwa elimu na siyo kwa kukemewa.

Ni kweli kwamba baadhi ya chanjo zina gelatini, na gelatini hiyo huweza kutokana na nguruwe. Mwezi Agosti 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa namba 33 kuhusu chanjo ya surua na rubela ya kiwanda cha Serum Institute of India, kiwanda kinachotoa sehemu kubwa ya chanjo za surua zinazotumika Afrika. Baraza lilisema wazi kuwa utengenezaji wake umetumia kitu kilichotokana na nguruwe na kwamba asili yake ni haramu. Kisha likaruhusu itumike kwa sababu tatu: dharura, kutokuwepo kwa chanjo mbadala iliyo halali, na ushahidi wa wataalamu juu ya hatari ya kutochanja. Wanaosambaza nusu ya kwanza ya fatwa hiyo kwenye WhatsApp na kuikata nusu ya pili wamefanya khiyana katika elimu.

Maulamaa wana njia mbili hapa. Ya kwanza ni istihala, yaani najisi kugeuka na kuwa kitu kingine kabisa. Mahanafi wameipa nafasi pana, na Ibn Taymiyya pia, na ndiyo njia waliyoipita maulamaa na madaktari wa Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba ya Kuwait mwaka 1995 walipozungumzia gelatini. Sisi Mashafi njia hii ni nyembamba kwetu, wala sipendi kuwaona masheikh wa pwani wakiikopa siku ya haja na kuikanusha siku nyingine. Lakini madhehebu yetu yana njia yake. Imam Nawawi katika Majmuu ameeleza kuwa kujitibu kwa najisi isiyokuwa kileo kunajuzu pale inapokosekana dawa twahara ya kushika nafasi yake, kwa kauli ya tabibu anayejua. Masharti mawili: kukosekana mbadala, na elimu ya tabibu. Yote mawili yanapatikana katika chanjo ya surua tunayopewa. Siku itakapokuja chanjo isiyo na shaka, na ikapatikana katika kituo cha karibu, hukumu itageuka na itatulazimu kuichagua hiyo.

Atasema mtu: huo ni ugonjwa uliopo, na mtoto wangu ni mzima. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu, na katika hadithi ya Saad bin Abi Waqqas ametaja tende saba za ajwa kuliwa asubuhi ili kujikinga na sumu na uchawi. Huko ni kutangulia kabla ya dhara kufika. Na katika habari ya tauni amekataza kuingia katika nchi yenye maradhi na kutoka humo. Kisha maradhi ya kuambukiza yana hukumu ya ziada: azimio namba 67 la Majmaa ya Fiqhi, Mei 1992, limesema matibabu yanakuwa wajibu pale ambapo kuyaacha kunapelekea madhara kuvuka kwenda kwa wengine. Kwa ninavyoona mimi, surua na polio zinaingia moja kwa moja hapo. Mtoto mchanga wa jirani, asiyefikisha miezi 9, kinga yake ni watoto wenu waliochanjwa.

Na tuwe wakweli kidogo. Hujaji wetu hawezi kupata viza ya Saudia bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Sijapata kumwona anayegoma uwanja wa ndege akidai kwanza aonyeshwe viungo vya sindano.

Maneno ya kukata kizazi

Uvumi huu ni wa zamani na umekwishagharimu. Mwaka 2003 chanjo ya polio ilisimamishwa Kano, kaskazini ya Nigeria, kwa kudaiwa kuwa inawafanya Waislamu wasizae. Ilirejeshwa 2004, lakini virusi kutoka huko vilikuwa vimeshasafiri nchi baada ya nchi mpaka vikafika Indonesia mwaka 2005. Waliopooza walikuwa watoto wa Kiislamu. Kwetu polio ilikuwa imeshasahauliwa, mpaka mwezi Februari 2022 ilipothibitika Malawi, jirani yetu, na Tanzania ikalazimika kupita nyumba kwa nyumba kuwapa matone watoto walio chini ya miaka mitano.

Chanjo ya mabinti dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini Aprili 2018 na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, inasemwa zaidi. Wapo wanaoiona kama ruhusa ya zinaa. Virusi hivi hupatikana pia ndani ya ndoa halali: binti yako anaweza kujihifadhi umri wake wote na akaolewa na mwanamume asiyejihifadhi ujanani. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Malezi yana nafasi yake na sindano ina nafasi yake.

Kuna na khofu ya kawaida tu, ya kuogopa sindano. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali wa Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na hakuchanjwa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anazunguka kuwasihi wazazi wachanje watoto wao polio, mpaka alipofariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Tarehe ikishapita

Nenda kesho. Hakuna kuanza upya: mtoto aliyepata dozi ya kwanza akakosa ya pili kwa miezi minne, ataendelea na ya pili. Usikae nyumbani kwa kuogopa kusemwa na muuguzi. Ukisemwa, vumilia dakika mbili, mtoto apate haki yake. Kadi ikipotea, rudi kituo kilichoandikisha, kwani huwa na daftari au kumbukumbu za kompyuta.

Mafua, kikohozi kidogo au homa ndogo si sababu ya kuahirisha. Mpeleke, muuguzi ndiye atakayeamua. Baada ya sindano mtoto aweza kuchemka mwili siku moja au mbili na paja kuvimba kidogo: mnyonyeshe zaidi, na dawa ya homa iwe kwa kipimo ulichoelekezwa kituoni. Pale begani pa BCG patafanya kidonda baada ya wiki kadhaa kisha kovu. Pasipakwe majivu, mafuta wala dawa ya unga. Akipata degedege, akivimba uso, akashindwa kupumua vizuri, au homa isiposhuka, arudishwe kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na kadi iwe mkononi.

Wallahu aalam.